Malkia, Mwati wa Waithaka

Jumatatu, 11 Julai 2005

Baridi ya kukata masikio. Nimeamka kabla ya watu wote, nikaenda moja kwa moja zizini kwa Malkia. Amelala vizuri. Ameamka vizuri. Amekula vizuri. Nimempima tumbo kwa futi ya fundi nguo. Ameongezeka tena! Nikampima mara ya pili nikidhani futi imejikunja. Haikujikunja.

Niandike hapa kwa faida ya vizazi vijavyo, maana watu husahau nani alianza. Mimi, Gerishon Thuo, karani mstaafu, mkazi wa Waithaka, nimetengeneza kondoo. Mama yake alikuwa Dorper, kondoo wa nyama, mwili kama gunia la mahindi. Baba yake Merino kutoka Molo, kondoo wa sufu laini. Niliwakutanisha mimi mwenyewe nyuma ya nyumba yangu, mahali ambapo lori haliwezi hata kugeuka. Akazaliwa Malkia. Nyama ya mama na sufu ya baba katika mnyama mmoja. Serikali ina vituo vya utafiti na watu wa makoti meupe. Mimi nina zizi la mabati na akili.

Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda Kileleshwa kumposea Muigai, mwanangu wa pekee. Kwa desturi yetu Wakikuyu, mlango wa posa hufunguliwa na mwati, yaani kondoo jike kijana ambaye hajazaa wala hajapandwa na dume. Siku hizi watu wa mjini hutia noti kwenye bahasha wakaiita mwati. Bahasha haina miguu. Mimi napeleka mwati mwenye miguu minne, na sufu juu. Nampeleka Malkia.

Wakwe watajua wanaoleana na watu wa aina gani.

Jumanne, 12 Julai

Wangu, mke wangu, amepita zizini na ndoo ya maji. Akamtazama Malkia, akasema kondoo huyu ana mimba. Akasema hivyo tu, akaenda zake na ndoo yake.

Nilimfuata hadi jikoni, nikamweleza kwa upole kwamba kile anachokiona ni nyama. Kondoo wa damu mbili hujaa kuanzia katikati. Ni sayansi. Wangu anauza viazi Kawangware, na kwa viazi simwezi. Lakini nyama ni somo jingine. Akaniuliza kama nyama huwa inapiga teke. Nikarudi zizini. Mtu hubishana na anayetaka kujifunza.

Tena mimba itoke wapi? Dume pekee wa karibu ni Jenerali, dume wa jirani yangu Kibe. Kibe hufuga kondoo wekundu wa Kimaasai, wale wasio na sufu ya kujaza hata kiganja. Manyoya kama ya mbuzi, mkia wa mafuta, basi. Na ndio anajisifia hao! Ni kweli mwezi wa Februari Jenerali aliangusha mabati ya ua wangu akaingia, siku niliyokuwa nimekwenda semina ya ufugaji bora. Niliporudi jioni nilimkuta ndani. Lakini nilichunguza kwa makini. Malkia alikuwa kona hii, Jenerali kona ile, kila mmoja ametazama upande wake. Hakuna kilichotokea. Kibe mwenyewe alisema mifugo wetu wamesalimiana tu. Ndiyo mara pekee ambayo Kibe amewahi kusema kweli.

Kwa bahati mbaya, Kibe ndiye msemaji wetu huko Kileleshwa. Ana ulimi. Lazima nikubali.

Alhamisi, 14 Julai

Siku ya kukata sufu. Mpango wangu ni huu: Malkia aende kama mwati, na sufu yake iende kama shali ya mama mkwe. Nyama mkono huu, sufu mkono huu. Mzee Dedan, babake Janice, mchumba wa Muigai, alikuwa meneja wa benki. Watu wa benki huelewa faida ikiwekwa mezani.

Nilitumia mkasi wa Wangu wa kushonea. Malkia alinipiga teke la goti, la kiwiko, na jingine mahali ambapo sitaandika. Sehemu nyingine za sufu zilitoka zenyewe, ukishika tu unabaki nayo mkononi. Mnyama mkarimu! Sijawahi kusikia Merino mtupu akifanya hivyo.

Nilipomaliza alifanana na kiazi kilichomenywa na mtoto. Akaanza kutetemeka. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba ni Julai. Nimemfunika kwa blanketi letu. Wangu hajajua bado.

Ijumaa, 15 Julai

Wangu amejua.

Nimekwenda Ngara na gunia la sufu begani, kwa Naliaka, mama mmoja wa Bungoma anayefuma masweta ya shule kwa mashine. Kifua mbele. Nikamwaga gunia lote juu ya meza yake, nikarudi nyuma hatua moja ili aweze kustaajabu.

Naliaka aliingiza mkono, akavuta, akanusa, akapiga chafya. Akaniambia nusu ya mzigo huu ni nywele na nusu ni majani, na kinachobaki ndicho sufu. Nikamwambia hiyo ndiyo siri ya damu mbili, kila kitu kimo. Akanishauri niipeleke kwa watu wa magodoro. Nikamshukuru kwa kuona kwamba ni sufu imara.

Tumekubaliana atafuma shali. Alisema atasaidia kidogo kwa uzi wake mwenyewe ili ishikane. Kidogo tu, nikasisitiza. Jina ni la Malkia.

Nilipomweleza kuhusu baridi, alicheka mpaka akaita jirani zake wa vibanda vingine waje wasikie. Kisha akanipa sweta ya shule iliyoharibika, rangi ya damu ya mzee, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Imemkaa Malkia sawasawa, ingawa tumboni inabana. Miguu ya mbele imeingia mikononi kabisa. Anaonekana mwanafunzi wa bweni aliyefunguliwa shule. Kibe ameegemea ua akamtazama muda mrefu, akauliza yuko darasa la ngapi. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumapili, 17 Julai

Muigai amemleta Janice chakula cha mchana baada ya kanisa. Msichana wa heshima sana. Anafanya kazi kampuni ya bima mjini, lakini anasalimia kwa mikono miwili.

Nilichinja kuku, nikaagiza na nyama ya kondoo ili aanze kuzoea ukoo. Hakugusa nyama. Alisema harufu. Akaomba ndimu na chumvi, akala ndimu tatu hivi kama machungwa. Vijana wa siku hizi na mambo ya diet. Na wala hahitaji, maana naona amejaza vizuri mashavu tangu Pasaka. Ni hewa ya Waithaka. Kila kinachopita kwangu kinanenepa.

Muigai alinivuta kando. Ana haraka. Anataka posa iishe kwa kikao kimoja, na harusi iwe Agosti. Nikamwambia haraka haraka haina baraka, mambo ya wakwe huchukua hata mwaka. Akawa mweupe. Nimefurahi kuona kijana anayependa kiasi hicho. Amerithi kwangu.

Akaniomba pia, tafadhali baba, tupeleke bahasha kama watu wengine. Nikajifanya sijasikia.

Wangu alimtazama Janice, akamtazama Malkia kupitia dirishani, akaingia jikoni. Nikamsikia anacheka peke yake. Naona anapenda jinsi familia inavyokua.

Jumatano, 20 Julai

Nimempigia simu Mzee Dedan kumjulisha kwamba mwati atakuja mwenyewe. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, kwa sauti ya benki, kwamba wanakaa flati, ghorofa ya tatu, na kwamba kama si miguu ya mama yake wangefanyia sherehe nyumbani Murang'a, na kwamba bahasha itatosha kabisa. Nikamwambia asijisumbue kwa unyenyekevu. Akasema si unyenyekevu, ni kapeti. Tukacheka. Mimi nilicheka.

Shali imefika. Nzuri ajabu! Imenyooka, laini, rangi ya maziwa. Naliaka akasema sufu ya Malkia iko pembeni, kwenye ukingo wote, pale panapogusa shingo. Nilijaribu shingoni kwangu kidogo. Inachoma kiasi. Ni joto hilo.

Malkia anaendelea kuwa maajabu. Kiwele kimevimba, mafuta yameshuka mpaka huko nyuma. Sijaona kwenye kitabu chochote. Huenda ni mimi wa kwanza.

Jioni Kibe akaniita uani. Hakuwa na utani leo. Akasema, Baba Muigai, nitakupa kondoo wangu mmoja, jike kijana, safi, bure, umpeleke awe mwati. Huyo wako mwache apumzike nyumbani. Akaanza kusema kitu kuhusu siku ile ya Februari, kwamba yeye alifika kabla yangu, na kwamba alipofika hawakuwa kwenye kona.

Nikamkatiza hapo hapo. Kikulacho ki nguoni mwako. Kibe anataka kondoo wake mwekundu ndiye aandikwe kwenye historia ya ukoo wangu. Ng'o!

Ijumaa, 22 Julai

Nimemwogesha Malkia kwa shampuu ya Wangu. Nimemvika sweta, ikiwa safi. Hali chakula. Anakwaruza chini kwa mguu, analala, anainuka, analala. Msisimko wa safari. Hata mimi sijala.

Usiku huu Muigai amekuja kunisihi mara ya mwisho kuhusu bahasha. Nilimpandishia sauti, jambo ambalo silipendi. Niliandika mengi ya kujisifu kwenye kurasa hizi, basi acha niandike na hili. Nilipokwenda kumposa Wangu, miaka hiyo, sikuwa na kitu. Nilipeleka mwati wa kuazima, mifupa mitupu, alikohoa njia nzima. Wajomba za Wangu walimnyanyua kwa mkono mmoja mbele ya watu wakapeana kama kikapu. Mpaka leo kwenye mazishi huko kwao naitwa Gerishon wa Kikapu. Mwanangu hataitwa hivyo. Muigai ataingia kwa wakwe zake nyuma ya kondoo ambaye mjomba yeyote akijaribu kumnyanyua, atavunjika mgongo.

Sikumwambia Muigai hayo. Nilimwambia alale.

Wangu alikuwa mlangoni. Alijua nilichokumbuka, maana alikuja akaniwekea mkono begani, akasema mwati wangu wa kikapu ndiye aliyemleta hapa na hajajuta. Kisha akauharibu wakati mzuri kwa kusema nibebe taulo kesho.

Jumamosi, 23 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Tulifika Kileleshwa saa nne kwa pikapu ya Kibe. Akina mama nyuma wakiimba, Malkia katikati yao na sweta yake, kama bibi harusi wa bweni. Watu walisimama barabarani. Wengine walipiga picha kwa simu zao. Nilipunga mkono.

Getini kulikuwa na soja, kijana mmoja Wambua. Akasema sheria ya flati ni hakuna wanyama. Nikamwambia huyu si mnyama, ni mahari. Akauliza mahari ina jina gani, aandike kwenye kitabu cha wageni. Ikaandikwa: Malkia, kutoka Waithaka, anamtembelea Mzee Dedan. Mzee Dedan mwenyewe alishuka ngazi akiwa na suti, akatazama sweta, akatazama mikono ya sweta, akafumba macho kidogo. Akakubali Malkia afungwe kule chini kwenye maegesho ya magari, kando ya gari lake. Nikamfunga. Akalala papo hapo, akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akitoa. Nikamwambia avumilie, heshima inakuja.

Juu mambo yalikwenda vizuri. Kapeti kweli ni nzuri. Mama Janice alipokea shali, akajifunika mbele ya wote, vigelegele. Kibe akasimama akasema maneno matamu mpaka mimi mwenyewe nikataka kumwozesha mtu. Tumeona maua kwenye shamba lenu, tumekuja kuomba moja. Mambo kama hayo. Mama Janice alikuwa ameanza kujikuna shingo upande wa kushoto. Kisha wa kulia.

Haron, mjomba wa Janice na msemaji wao, mtu mrefu mwenye miwani, akasema kabla ya neno lolote kujibiwa, wazee wamwone mwati. Ndiyo saa yenyewe! Tukashuka wote. Wazee, akina mama, Muigai na Janice, hata nyanyake Janice, ambaye wote humwita Cucu, akabebwa na kiti chake cha plastiki na kuwekwa mbele ili aone vizuri. Nilitangulia mimi.

Malkia alikuwa amesimama. Sweta imepanda mpaka mgongoni. Chini yake, kwenye saruji, kando ya gurudumu la gari la meneja, amesimama mwanakondoo. Bado ana maji. Miguu inamcheza. Akaingiza kichwa chini ya sweta ya shule akaanza kunyonya.

Mwekundu. Mwekundu kama udongo wa Dagoretti. Hana sufu, hana hata dalili ya sufu. Mkia mnene. Na doa jeupe katikati ya paji la uso, lile lile la Jenerali, utafikiri limepigwa muhuri.

Kibe akavua kofia polepole. Wangu akanipa taulo.

Niliona aibu. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Niliona kikapu kile kikirudi kutoka miaka ile, na sasa kimekaa kichwani kwa mwanangu. Nikainama nikampangusa mwanakondoo kwa sababu sikujua macho yangu niyaweke wapi.

Haron akakohoa. Akasema kwa sauti ya kutosha wenye flati wote wasikie kwamba huyu si mwati, huyu ni mama wa watoto. Kwamba tumewaletea kitu kilichokwisha kufunguliwa tukakiita kipya. Kwamba wameonekana wajinga. Faini lazima, na posa irudi nyuma, tuje upya mwezi ujao na mwati wa kweli, halafu harusi ingoje mwakani.

Muigai akasema hapana. Mwanangu, ambaye hajawahi kumkatiza mzee! Akasema mwakani hatuwezi, mjomba. Hata mwezi ujao ni kwa shida. Na Janice, kando yake, akaanza kulia kimya kimya, mikono yote miwili juu ya tumbo.

Hata mimi, ambaye natazama tumbo la kondoo kila siku kwa futi, nilitazama mikono hiyo, ndimu zikaja kichwani, moja baada ya nyingine.

Mama Janice aliacha kujikuna. Mzee Dedan akashika kioo cha gari lake. Haron akafungua mdomo, lakini Cucu akagonga saruji kwa fimbo. Akamwita Janice kwake, akamshika kidevu, akamuuliza ni mwezi gani. Janice akasema Desemba. Cucu akatikisa kichwa taratibu, akamtazama Malkia, akamtazama mwanakondoo, akatutazama sisi wote kama watoto waliovunja chungu.

Akasema Haron akae chini na faini yake. Akasema, wao wametuletea wawili, na sisi tunawapa wawili. Hesabu imelingana. Sasa mnipandishe juu, nyama inapoa.

Mzee Dedan ndiye aliyecheka kwanza. Sikutarajia. Alicheka mpaka miwani ya Haron nayo ikaanza kutikisika. Wambua akacheka getini bila kujua sababu. Tukapanda, tukala, na kila kitu kikakubaliwa kabla ya chai. Harusi Agosti. Kikao kimoja tu! Hakuna mtu Waithaka aliyewahi kumaliza posa kwa kikao kimoja. Namwachia Kibe atafute mwingine.

Jumapili, 24 Julai

Nimelala vizuri baada ya kutafakari.

Tukubaliane kwa haki kilichotokea jana. Familia nyingine hupeleka mwati mmoja. Mimi nilipeleka mmoja, wakapokea wawili. Familia nyingine hungoja miezi ili wakwe wacheke nao. Sisi tulicheka nao chini kwenye maegesho. Na nani alitoa nafasi hiyo? Malkia. Angekuwa bahasha, Haron angekuwa bado anahesabu.

Flati haziruhusu wanyama, hilo tulishajua. Kwa hiyo Malkia na mwanawe sasa ni mali ya Mzee Dedan kwa desturi, lakini watakaa Waithaka kwa chakula changu. Wangu anasema hiyo ndiyo mahari ya kwanza aliyowahi kuona ambayo mtoaji anarudi nayo na bado anaendelea kuilipa. Nimemwambia ni imani ambayo wakwe wameweka kwangu. Meneja wa benki haweki amana yake popote tu.

Kibe amekuja kumwona mwanakondoo. Alisimama uani na kofia mkononi, akasema sasa sisi ni ndugu, na kwamba anaomba radhi kwa kusema wamesalimiana tu. Nikamjibu kwamba salamu za Jenerali zimekubaliwa. Ametoa mabati mawili ya kuziba ua. Mtu mzuri, Kibe, ukimzoea.

Nimemchunguza mwanakondoo kwa kioo cha kukuzia. Kuna kinyoya kimoja nyuma ya sikio ambacho nikikivuta kinajikunja. Kinajikunja! Sufu imechelewa tu. Damu tatu huchukua muda kujipanga. Dorper wa nyama, Merino wa sufu, na Mmaasai asiyejua ugonjwa. Hakuna mtu duniani aliyefikiria hivyo. Nimempa jina Profesa.

Mama Janice amepiga simu. Amepata vipele shingoni. Nimemweleza ni joto.

Jumanne, 27 Desemba 2005

Amezaliwa! Wiki mbili zilizopita, na leo wamemleta Waithaka kwa mara ya kwanza. Mvulana, mzaliwa wa kwanza, na kwa desturi yetu mzaliwa wa kwanza huitwa babu yake mzaa baba. Kwa hiyo kuna Gerishon mwingine duniani. Nilimshika. Mzito! Kichwa kimejaa nywele, laini, zinajikunja. Nilimwambia Mzee Dedan kwamba ukichanganya Waithaka na Kileleshwa vizuri hupati hasara. Alisema labda. Kisha akaomba kumshika, na akamshika muda mrefu kuliko mimi, na sikumnyang'anya.

Muigai alinikumbatia mlangoni. Huwa hatukumbatiani. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya hilo lakini sitaandika.

Mjomba mmoja wa Wangu naye alikuja na kunisalimia Gerishon wa Kikapu. Wangu akamjibu kabla yangu. Akasema siku hizi ni Gerishon wa Wawili. Nilijifanya natafuta kitu chini ya meza.

Mzee Dedan alitaka kuwaona kondoo wake. Profesa amekuwa dume kubwa, jekundu, linalong'aa. Sufu bado, ila nina hakika na mwaka ujao. Kinyoya cha nyuma ya sikio kilianguka mwezi wa Oktoba, dalili kwamba kinatoa nafasi kwa vingine.

Lakini habari kubwa ni Malkia. Anajaza tena! Kuanzia katikati. Nimempima mbele ya Mzee Dedan ili awe shahidi, na futi haikutosha, tumeunga na mshipi wangu. Safari hii ni nyama, hapana shaka yoyote. Ua una mabati ya Kibe, mapya kabisa. Ni kweli siku ya harusi, Agosti, tulipokuwa wote kanisani, Jenerali aliyaangusha tena. Lakini niliporudi nilichunguza kwa makini. Malkia kona hii, Jenerali kona ile, kila mmoja ametazama upande wake.

Januari kuna mashindano ya kondoo wanono huko Ngong. Nimeshamwandikisha. Sweta nimeifua.

Wangu amepita zizini na ndoo ya maji. Akamtazama Malkia. Akafungua mdomo, akaufunga, akaenda zake. Hatimaye ameanza kuelewa sayansi.